Mama yetu wa Makete: tabia zipi za wakati wa korona abaki nazo, na zipi aziache?

Kitindamimba, Uyole, Mbeya

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za kazi. Ninaomba ushauri juu ya mama yetu mzazi, ambaye ana miaka 76 na anaishi kijijini Makete pamoja na wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Mama ana kisukari tangu 2011, ana shinikizo la damu, na miaka ya karibuni ameongezewa ugonjwa wa kifua unaofanana na pumu, ambao daktari alisema umetokana na moshi wa kuni alioupumua jikoni maisha yake yote. Anatumia metformini ya sukari, amlodipini na losartani za presha kila siku, pamoja na dawa ya kuvuta kwa mdomo pale kifua kinapombana.

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, sisi watoto wanne tulipigiana simu, kila mmoja na alichokisikia, kisha tukampa mama masharti. Asitoke nje ya uwanja wake. Asimpe mtu mkono. Anawe na kila anayeingia anawe. Apige nyungu, yaani ajifukize mvuke wa majani yaliyochemshwa, chini ya blanketi. Asiende jumuiya wala msibani, na siku ya kliniki ikifika, kadi yake aipeleke mjukuu mkubwa akamchukulie dawa. Mama alitii kila neno, na ninaamini kwamba kwa wakati ule tulifanya kilichotupasa, kwa sababu wazee kadhaa wa kijijini kwetu wenye maradhi kama yake walifariki kwa kukosa pumzi, na yeye akabaki.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura imekwisha, lakini ndani ya nyumba ya mama haijaisha, au niseme imebaki nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayonitisha. Nilipokwenda likizo nilikuta bado anapiga nyungu mara mbili kwa wiki na ana kovu jipya la kuungua kwenye goti, ambalo hakuna aliyetuambia. Madirisha ya chumba chake yamefungwa moja kwa moja kwa magunia ili baridi na maradhi yasiingie, na usiku anaingiza jiko la mkaa. Kliniki hajakanyaga kwa muda mrefu. Dawa zinakuja, lakini yeye mwenyewe hajapimwa. Jumuiya hukaa nyumba ya pili kutoka kwake, naye husali peke yake akisikia wenzake wanavyoimba. Wakati huohuo, safari moja aliyokubali, ya kwenda Njombe kwa mdogo wake, alikaa saa kadhaa ndani ya kosta iliyojaa, vioo vyote juu kwa sababu ya baridi, watu wanakohoa, bila barakoa, akaniambia barakoa zilikwisha wakati wa korona.

Chanjo alipata ile ya sindano moja mwishoni mwa 2021 na hajapata nyingine.

Maswali yangu ni mawili. Kwa mtu wa umri wake mwenye maradhi matatu kwa pamoja, ni tabia zipi za kujikinga ambazo bado zina maana, na zipi sasa zinamdhuru? Na la pili, ambalo ndilo zito kwangu: sisi ndio tuliomtia hofu hii. Tutamwambiaje mama kwamba baadhi ya tuliyomwamuru ayaache, bila kumfanya aone kwamba hata yale mengine tulikuwa tunabahatisha?


Binti wa Ludewa

Dada, pole kwa kuuguza moyo. Mimi ninaandika nikiwa upande wa pili wa jambo hili. Baba yetu alikuwa na kisukari na presha kama mama yako, naye mwaka 2020 alijilinda vizuri kuliko sisi vijana. Mwaka uliofuata alichoka, na ninamwelewa, akaenda kwenye msiba wa rafiki yake wa ujana wakati wa baridi kali, wakalala wazee wengi katika chumba kimoja cha moto. Siku ya tisa alianza kuhema kwa shida. Hakurudi kutoka hospitali.

Kwa hiyo ninakuomba usiwe na haraka ya kumfungulia mama kila mlango. Kuisha kwa dharura hakumaanishi kuisha kwa ugonjwa, na kwa mzee mwenye sukari hata mafua makali ya kawaida yanaweza kumlaza. Watu wengi kwetu huona aibu kuvaa barakoa sasa, kana kwamba ni ishara ya kwamba wewe ndiye mgonjwa. Mama yangu, ambaye sasa ana miaka 69 na presha, huvaa kanisani kila Jumapili, na waliokuwa wakimshangaa wamezoea. Kama ni kuchagua, mimi ningemwacha mama yako na hofu yake kidogo kuliko kumzika.


Muuguzi Mstaafu, Iringa

Kamwene. Mwanangu Kitindamimba, marahaba, na Binti wa Ludewa pole sana kwa baba. Nimefanya kazi wodini na kwenye kliniki za maradhi sugu kwa zaidi ya miaka thelathini, nami nitajibu kwa urefu kwa sababu jambo hili nimeliona kwa wazee wengi wa huku kwetu.

Nianze na lililo la hatari kuliko yote, nalo ni kliniki. Mjukuu anaweza kubeba dawa, lakini hawezi kupeleka mguu wa bibi yake ukaangaliwe. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi anahitaji kuvuliwa viatu na kukaguliwa nyayo, macho kupimwa walau mara moja kwa mwaka, na figo kuangaliwa kwa kipimo cha damu na mkojo, hasa anapotumia metformini na losartani, kwa sababu figo zikipungua nguvu kipimo cha dawa hizo hubadilishwa au moja husimamishwa. Mama yako anameza dozi iliyopangwa kwa mwili wake wa zamani. Korona ikija tena kwa nguvu, anayepata taabu zaidi ni yule ambaye sukari na presha yake vimekaa bila kudhibitiwa. Kwa hiyo kuhudhuria kliniki ni kinga, nayo inatangulia barakoa. Kama safari ni ndefu, aombe aandikiwe dawa za miezi miwili au mitatu pale vipimo vinapokuwa vizuri. Wanaotumia ARV, yaani dawa za VVU, wamezoea kupewa za miezi mitatu hata sita, na sioni vibaya familia ikiuliza kwa daktari iwapo hilo linawezekana kwa presha na sukari pia. Na afike asubuhi, aulize dirisha la wazee, ili asikae kwenye foleni ya watu wanaokohoa.

La pili ni lile kovu la goti, na hapo nilisimama kusoma. Kisukari cha miaka mingi huua hisia, kwanza nyayoni, kisha hupanda. Mtu wa namna hiyo akikaa chini ya blanketi na sufuria la maji yanayochemka, anaweza kuungua bila kuruka. Nimewaona pia wazee walioungua vidole vya miguu kwa kuota moto tu, wakagundua asubuhi kwa harufu ya soksi, na baadhi yao kidonda hakikupona mpaka kidole kikakatwa. Muulize mama hutia miguu yake umbali gani na moto. Juu ya hapo, anayetumia dawa za presha akitoka jasho jingi ndani ya mvuke, presha hushuka ghafla anaposimama, na mzee wa miaka 76 akianguka jikoni mfupa wa nyonga hauna huruma. Mvuke wa mkaratusi nao huweza kubana kifua cha mwenye pumu badala ya kukifungua. Nyungu haiui kirusi. Sisemi alikosea kuipiga mwaka ule, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inapiga, lakini kwa maradhi aliyonayo yeye ningetaka aiache kabisa.

Halafu kuna jambo la dirisha. Watu wa uwandani hawajui tunachokisema tukisema baridi ya Makete ya mwezi wa sita na wa saba, kwa hiyo ushauri wa kwamba "fungua madirisha" husemwa kirahisi na asiyeamka kwenye nyasi zenye barafu. Hata hivyo kirusi cha korona, mafua na kifua kikuu vyote hukaa katika hewa iliyofungiwa. Njia ya kati ipo: magunia yatolewe kwenye dirisha moja tu, lifunguliwe kuanzia saa nne asubuhi jua linapopanda hadi saa tisa alasiri, na usiku abakie na upenyo mdogo juu ya mlango, mbali na kitanda. Lakini jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa, hata kama makaa yamekuwa mekundu na hayatoi moshi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo katika chumba kilichozibwa kwa magunia huweza kumchukua mtu usingizini. Kati ya yote uliyoyaandika, hilo ndilo ambalo ningepiga simu leo usiku. Awekewe blanketi la ziada na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa kizito, tena iwekwe kitandani kabla hajapanda, kisha iondolewe.

Kunawa mikono kubaki. Ila angalia kwamba wazee wenye maumivu ya viungo huacha kunawa wakati wa baridi kwa sababu maji ya ndoo yanauma, si kwa ukaidi. Chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu karibu na mlango, sabuni, sekunde ishirini, kisha mafuta ya mgando mikononi ili ngozi isipasuke. Kibuyu chirizi, kile cha kunawia, kibaki nje kwa ajili ya wajukuu wanapotoka shule, maana wao ndio daraja la mafua ya kijiji kizima.

Barakoa sasa ina mahali pake: ndani ya kosta, kwenye foleni ya hospitali, na nyumbani pale mjukuu anapokohoa, ambapo mjukuu ndiye avae kwanza. Uwanjani kwake au shambani hana haja nayo. Na chanjo mwulizieni siku hiyohiyo ya kliniki, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani liliwaweka wazee na wenye maradhi kadhaa katika kundi la mbele la kuongezewa dozi, miezi 6 au 12 baada ya ile ya mwisho. Kituo kitawaambia kama ipo kwa wakati huo.

Kuhusu hofu, usijilaumu kupita kiasi. Machi 2020 watafiti wa Chicago, Marekani, waliwahoji kwa simu watu 630 wenye maradhi sugu, wakakuta kwamba takriban robo walikuwa na wasiwasi mkubwa, na karibu theluthi hawakuweza kueleza sawasawa dalili za ugonjwa au njia za kujikinga. Huko ni mjini, kwa watu wenye madaktari wao. Mama yako wa Makete alishika yote mliyomwambia. Kasoro ni kwamba hakuna aliyerudi kumpangia upya.


Kitindamimba

Mama Muuguzi, nashukuru sana. Nilipiga simu usiku uleule kuhusu jiko, na mjukuu mkubwa amelitoa. Nilipouliza kuhusu miguu, mama alisema anapooga hajui maji ni ya moto kiasi gani mpaka aweke kiwiko. Alilisema kama jambo la kawaida la uzee, nami nililia baada ya kukata simu.

Hata hivyo nilipogusia kliniki alinijibu, "Ninyi mlisema hospitali ndiko kwenye ugonjwa." Sikuwa na jibu.


Mzee wa Tukuyu

Binti yangu, marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 71, nina presha na kisukari, na masikio yangu si yale ya zamani. Ningependa kusema kwa niaba ya mama yako, kwa kuwa mengi yanayoandikwa juu ya wazee huandikwa na wanaotutunza.

Sisi tuliokuwa na maradhi haya mwaka 2020 tuliambiwa mambo mengi kwa muda mfupi, na mengine yalipingana. Takwimu za nchi zilikoma mwishoni mwa Aprili mwaka ule, tukabaki kuhesabu makaburi mapya na kuulizana kwa sauti ya chini. Julai 28, 2021 tulimwona Rais Samia akichanjwa hadharani, na siku hizohizo wapo waliotuambia tusikubali. Katika hali ile mzee hushika neno la mtoto wake, kwa sababu anajua mtoto hana sababu ya kumdanganya. Mama yako hakushika kanuni za afya. Alishika sauti zenu. Kwa hiyo msimpelekee karatasi ya kanuni mpya. Nendeni, mkae, na mseme wazi: wakati ule hatukujua, tulichagua kilicho salama kuliko vyote tulivyoviona, na sasa tumejua zaidi. Mzee anayajua maneno ya namna hiyo. Sisi wenyewe tuliwatibu ninyi kwa dawa ambazo baadaye tuliambiwa tuziache, na hatukuona aibu kuwaambia.

Juu ya barakoa nina jambo ambalo wauguzi hulisahau. Mtu asiyesikia vizuri husoma midomo. Katika kituo kimoja nilichotibiwa, aliyenipa dawa alikuwa amevaa barakoa, nyuma ya kioo, na nje mvua ya Rungwe inapiga bati. Alisema nusu kidonge, mimi nikaelewa kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku ya nne nilianguka migombani kwa kushukiwa na presha, na nilikutwa na mke wangu. Tangu hapo sitoki dirishani mpaka dozi iandikwe kwenye boksi kwa tarakimu, na ninairudia kwa sauti mbele yake. Mfundisheni mjukuu afanye hivyo kwa bibi yake.

Kuhusu salamu na misiba, Binti wa Ludewa ana haki ya kusema anayoyasema, na sitamjibu kwa ubishi. Nitaeleza tu ninavyofanya mimi. Sisi wa huku hatuwezi kumsalimia mfiwa kwa mbali kana kwamba tunaogopa huzuni yake. Mimi hufika mchana, sio usiku. Hukaa nje, upande wa upepo, na wenyeji wameshajua kuniwekea kiti hapo. Mkono ninauweka kifuani na ninainamisha kichwa, na nikigundua kwamba mfiwa anahitaji mkono, ninampa, kisha ninanawa. Kulala chumba kimoja na watu ishirini siwezi tena, na nimewaambia ndugu zangu bila kuficha. Miaka miwili niliyokaa bila kwenda popote presha yangu haikushuka hata kidogo, nilikuwa silali. Jumuiya iliyo nyumba ya pili si jambo dogo kwa mwanamke wa miaka 76. Iombeni ikutane uwanjani kwake, juani, saa za mchana.

Na ikiwezekana, wa kumshawishi kuhusu kliniki asiwe mtoto. Atafutwe mwanamke wa rika lake mwenye sukari anayehudhuria, waende pamoja.


Mfamasia, Mbeya

Dada Kitindamimba, wakubwa wameyasema ya msingi. Mimi niongeze yanayohusu kabati la dawa, kwa sababu janga lilituachia tabia nyingine ambayo haijatajwa, nayo ni kujitibu mapema "kabla haijawa kubwa."

Tafuteni kama mama ana vidonge vya deksamethazoni. Katikati ya 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba dawa hiyo iliokoa maisha ya wagonjwa wa korona waliokuwa tayari wanahitaji oksijeni, lakini haikuwasaidia wasioihitaji. Habari ilifika vijijini bila nusu yake ya pili, na hadi leo ninaona wateja wanaoinunua kwa mafua. Kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa kasi. Diklofenaki za magoti nazo, zikitumiwa mfululizo na mtu anayemeza losartani, hupandisha presha na kuumiza figo. Kama anahitaji cha kupunguza maumivu, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa ndiyo ya kuanzia. Asali na tangawizi kwenye chai ya kikohozi zihesabiwe kuwa sukari, walau hiyo asali.

Losartani asiiache kwa sababu ya korona. Ninalisema hili kwa kuwa mwanzoni mwa 2020 ulizuka wasiwasi kwamba dawa za kundi hilo zinamfungulia kirusi mlango, na nina wateja walioziacha kimyakimya. Tafiti zilizofuata hazikuona faida ya kuziacha.

Ndugu wengi hununua kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Ni kifaa kizuri, ila kwa huku juu kinahitaji akili. Vidole vikiwa baridi husoma vibaya, hina na rangi ya kucha huvuruga, na imeonekana kwamba kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine huonyesha namba kubwa kuliko hali halisi. Kinachopotosha zaidi ni kwamba mtu aliyevuta sumu ya mkaa anaweza kusomeka vizuri kabisa huku anakufa. Sehemu nyingi za Makete ziko juu ya mita 2,000, hivyo hata mzima husoma chini kidogo ya mtu wa pwani. Mpimeni mama akiwa mzima, mikono imepashwa moto, siku tatu tofauti, muandike namba yake ya kawaida kwenye kadi. Akiugua mtalinganisha na hiyo. Ikishuka chini ya asilimia 90, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au akianza kuchanganyikiwa, msisubiri asubuhi.

Na kikohozi kikipita wiki mbili, kipimwe makohozi. Kisukari huongeza hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu, na nimeona wazee waliojifungia ndani wakidhani wanakwepa korona, wakati chumba kile kisicho na hewa kilikuwa kinawalea kifua kikuu wao na wajukuu. Kupima na dawa zake ni bure.


Kitindamimba

Ninarudi baada ya wiki tano kutoa taarifa, kwa sababu mmenipa muda wenu.

Tulikwenda wote wanne. Kaka mkubwa ndiye aliyeanza, akasema kama Mzee wa Tukuyu alivyotuelekeza, kwamba wakati ule hatukujua. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa anangoja tumwambie yameisha. Alidhani kwamba sisi tulioko mjini tunajua jambo, na kwamba tungemwambia siku ikifika. Miaka yote hiyo.

Magunia ya dirisha moja yametolewa. Dirisha la pili amekataa, nasi tumeacha. Kabatini tulikuta deksamethazoni pakiti mbili na nusu, alizoletewa na jirani kwa nia njema. Kliniki amekwenda na mwenzake wa rika moja kutoka kitongoji cha juu, mwenye sukari tangu zamani, wakapanda kosta wakiwa na barakoa za kitambaa alizoshona dada yetu, kila mmoja tatu, za kufuliwa na kupigwa pasi. Presha ilikutwa juu, na kipimo cha figo kimeonyesha zimeanza kuchoka, kwa hiyo metformini imepunguzwa na atarudiwa kupimwa baada ya miezi mitatu. Nyayo zake zimekaguliwa. Upande wa kushoto hana hisia hadi juu ya kifundo. Daktari alisema tumewahi. Chanjo hawakuwa nayo siku ile, wakatuambia tuulize tena akirudi.

Nyungu hatujakubaliana. Amesema blanketi na sufuria ameviacha, lakini majani ataendelea kuyachemsha na kuyaweka chumbani mchana mlango ukiwa wazi, kwa sababu ya harufu tu. Mama Muuguzi, kama hilo nalo linaweza kumbana kifua nijulishe, nitamwambia taratibu.

Jumuiya ilikutana uwanjani kwake Alhamisi iliyopita, saa nane mchana. Watu walikuwa kumi na watatu. Mama alitoa mikeka yote aliyonayo na kuitandaza mbalimbali, akasimama kwenye kibuyu chirizi akimmiminia maji ya uvuguvugu kila aliyeingia, na mjukuu mdogo, aliyekuwa na mafua, akaagizwa akae upande wa zizi na barakoa yake mpaka sala iishe.